Magazini ni ghala, klipu ni kibanio

"Nimebadilisha klipu na triga, sasa bunduki yangu inapiga kwa nguvu zaidi."

Sentensi hiyo nimeisikia kwa vinywa tofauti, maneno yakipinduliwa hapa na pale, na kila mara nimenyamaza kwa adabu. Leo sinyamazi. Ina makosa mawili na nusu. Klipu si klipu, nguvu haikuongezeka, na hiyo nusu ni ya triga, yaani kifyatulio, nitaifikia.

Tuanze na maana, haraka. Magazini ni sehemu ya bunduki inayohifadhi risasi na kuzisogeza, moja baada ya nyingine, mpaka kwenye njia ya bolti, kile chuma kinachoteleza kufunga nyuma ya mtutu, ili bolti ikienda mbele iisukume iliyo juu iingie chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hulipukia. Ndani yake kuna springi, juu ya springi kuna kibao kinachobeba risasi, na juu kabisa kuna midomo miwili ya chuma au plastiki inayozizuia zisiruke nje kabla ya wakati wake. Bunduki ya bolti, ile ambayo mwindaji huinua mkono wa bolti, huuvuta nyuma na kuurudisha mbele baada ya kila mlio, haiwezi kupiga ya pili upesi bila ghala hilo. Ikikosekana magazini, kila risasi inaingizwa kwa vidole.

Nimesema ghala makusudi, maana neno lenyewe ndivyo linavyosema. Waarabu wana mzizi wa kh-z-n, wa kuweka akiba, na kutoka humo wakapata makhzan, yaani mahali pa kuhifadhia vitu. Wingi wake makhazin. Waitaliano wakalichukua wakasema magazzino. Wafaransa wakasema magasin, na leo kwao maana yake ni duka, kama ilivyo kwa Warusi na magazin yao. Wahispania walilibeba pamoja na ile al- ya Kiarabu wakapata almacén. Huko Morocco dola yenyewe huitwa Makhzen, kwa sababu penye ghala la kodi ndipo penye serikali. Waingereza walilipokea kupitia Kifaransa likiwa bado na maana ya ghala, na baadaye hasa ghala la baruti na silaha: chumba kile cha ngome au cha merikebu ambacho hakuna aliyethubutu kuingia na taa ya moto.

Halafu mwaka 1731, London, mchapishaji Edward Cave akaanzisha jarida akaliita The Gentleman's Magazine, akimaanisha ghala la maandishi ya kila namna. Jina likanata, na ndiyo maana leo mtu akisema amenunua magazini huna budi kumuuliza kama ni ya kusoma au ya kupigia. Zote mbili ni ghala. Karne iliyofuata, bunduki zilipoanza kubeba risasi kadhaa ndani yake, ghala la baruti likahamia humo na jina lake.

Sasa kinachonifurahisha. Mzizi uleule wa kh-z-n ndio uliotupa sisi hazina. Mweka hazina wa chama na magazini ya bunduki ni watoto wa babu mmoja. Mmoja alikuja kwetu moja kwa moja kwa jahazi, akakaa sebuleni akawa mwenyeji. Mwingine akazunguka Italia, Ufaransa na Uingereza, akarudi na kofia ya kizungu kichwani, nasi tukampokea kama mgeni. Ukilikumbuka hilo huwezi tena kuchanganya magazini na klipu, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuweka hazina kwenye kibanio.

Maana klipu ni kibanio, basi. Ni kipande cha bati kinachoshika risasi kadhaa kwenye matako yake ili mtu azitie kwenye magazini kwa mkupuo mmoja badala ya moja moja. Mfano wake mzuri ni Mauser ya mwaka 1898, ambayo bunduki nyingi za kuwindia za leo zimeiga maungo yake. Magazini yake imo ndani ya mwili wa bunduki, haichomoki, na inabeba risasi tano zilizopangwa kwa kupishana kushoto na kulia. Askari alifungua bolti, akasimamisha klipu yenye risasi tano kwenye mfereji uliochongwa juu, akazikandamiza kwa dole gumba: zinashuka kwa mlio wa kukwaruza, zikipishana zenyewe huku springi ikijibana chini. Bati likabaki juu, tupu. Akifunga bolti, bati linaruka nje na kudondoka. Hapo una klipu na magazini, vyote viwili, katika tendo moja, na hata mtoto anaona kipi kimebaki kwenye bunduki na kipi kimeanguka kwenye majani.

Ugomvi naukubali sehemu moja. Ferdinand Mannlicher wa Austria alibuni klipu inayoingia ndani pamoja na risasi zake na kukaa humo; kwenye bunduki yake ya 1895 ilibeba tano, na zikiisha bati linadondoka kwa chini. M1 Garand ya Wamarekani ilifuata wazo hilohilo kwa risasi nane, bati lake likirushwa juu na mlio wa "ping" ambao watu wanaupenda hadi leo. Hapo klipu na magazini zinakaribiana sana. Lakini hata hapo springi na kibao chake ni vya bunduki. Klipu haina springi ya kusukuma risasi. Hicho ndicho kipimo: kama kitu ulichoshika mkononi kina springi inayosukuma risasi juu, ni magazini, hata kama unaichomoa na kuitia mfukoni.

Na hiyo ya kuchomoa si ya jana. Mbunifu James Paris Lee alipata hataza yake mwaka 1879, na jina lake ndilo lile la mwanzo katika Lee-Enfield, bunduki ya askari wa Uingereza. Cha kuchekesha ni kwamba Lee-Enfield ilikuwa na magazini ya risasi kumi inayochomoka, na bado askari waliijaza kutoka juu kwa klipu za tano tano, mara mbili.

Utasema, mwalimu, haya ni maneno tu. Maneno tu, hadi mtu anapochomoa "klipu" na kuamini bunduki iko tupu. Ghala limetoka, lakini risasi iliyokwisha kuingia chemba haijui habari hiyo. Bado imo, mbele ya bolti, na kifyatulio kikivutwa italia. Anayejua kuwa ameshika ghala tu hujiuliza mara moja kama kuna kilichokwisha kutolewa ghalani. Hufungua bolti, hutazama chemba, kisha huchomeka kidole ili kuhakikisha.

Hata neno risasi limetuchezea. Kwa asili ni madini yale mazito ya kijivu, kwa Kiarabu rasas. Kile kitu kizima chenye ganda, fataki ya kuwashia, baruti na kichwa, kamusi za zamani ziliita kiasi cha bunduki, jina zuri ambalo tumeliacha lipotee. Leo tunaita risasi kitu kizima na tunaita risasi kile kipande kinachotoka mtutuni, halafu tunashangaa kwa nini watu hawaelewani dukani.

Mkanganyiko huo unamgharimu anayetaka kuboresha magazini. Chukua aina mbili za risasi, .308 Winchester na .30-06 Springfield. Kipande kinachotoka mtutuni ni cha unene uleule, kwa hiyo mtu anasema "risasi ni zilezile". Lakini ikiwa nzima, ya kwanza ina urefu usiozidi milimita 71 na ushee, na ya pili inakaribia 85. Magazini hupimwa kwa urefu wa kitu kizima. Ghala la ile fupi halipokei ndefu hata ukiapa, na fupi ikiwekwa kwenye ghala refu inateleza mbele na nyuma, pua inainama, na bolti ikija inaipiga kwenye ukingo wa chemba badala ya kuiingiza. Ukiitoa utaona alama mbichi inayong'aa kwenye pua yake.

Kwa hiyo kutoa magazini ya ndani na kuweka ya kuchomoa si kununua kasha tu. Sakafu ya chuma chini ya bunduki inabadilishwa, pamoja na kile kikingio cha kifyatulio, na mara nyingi ubao unaoshika bunduki unachongwa ili vikae. Magazini ikikaa chini kidogo kuliko inavyotakiwa, bolti inapita juu ya risasi bila kuigusa. Unafunga, unavuta, unasikia "taka" kavu, na mnyama anakutazama. Faida zipo: unapakua upesi na salama kabla ya kupanda gari, unabeba ya akiba, huhitaji kumwaga risasi kwa kuzipitisha zote kwenye chemba. Hasara ipo pia, maana inayochomoka hudondoka, na mwindaji aliyeiacha kichakani amebaki na bunduki ya risasi moja. Idadi inayoruhusiwa kuwindia ni ya kusoma kwenye sheria ya mahali unapowinda, si kwenye kasha. Na hakuna hata moja kati ya haya linalogusa nguvu ya risasi. Nguvu ni ya baruti, uzito wa kichwa na urefu wa mtutu. Ghala likiwa kubwa, mzigo hauwi mzito kwa hilo.

Sasa ile nusu. Triga, au kifyatulio, ni kile kiulimi ambacho kidole hukivuta. Anayesema amebadilisha triga kwa kawaida amebadilisha mtambo mzima ulio nyuma yake: kishikio kinachoizuia pini ya kugonga, springi zake, skrubu zake za kurekebishia, mara nyingine na kizuizi cha usalama. Sawa, tunaelewana. Lakini anapoongeza kuwa mpya ni "nzuri kwa sababu ni nyepesi", hapo tunapotezana. Wepesi ni kipimo kimoja, cha kilo zinazohitajika ili kishikio kiachie. Wengi wa wawindaji huridhika na kati ya kilo 1 na 1.5. Kingine ni usafi: je, kinakatika ghafla kama kijiti kikavu, au kinaburuta kwanza, kinakwama, kinaburuta tena, huku alama ya shabaha ikitangatanga? Kifyatulio cha kilo 2 kinachokatika safi kinampigia mwindaji vizuri kuliko cha kilo 1 kinachokwaruza. Na kilichopunguzwa kupita kiasi ni hatari. Ndiyo maana fundi, akimaliza, huchukua bunduki tupu, huifunga bolti kwa kishindo na kugongesha kitako chini, aone kama mtambo utajiachia wenyewe.

Bunduki yenyewe ina kilo tatu au nne. Kidole kikilazimika kuvuta kwa kilo mbili na nusu, kinaivuta na bunduki pamoja nacho, na risasi inakwenda kando. Mtambo mzuri unaondoa hilo. Ndiyo sababu mtu anarudi nyumbani akisema bunduki imepata nguvu: zamani alikuwa akikosa, au akijeruhi, sasa anapiga mahali pake.

Kwa hiyo, ndugu yangu, nakupongeza kwa kazi uliyofanyiwa na fundi. Uliyoweka ni magazini ya kuchomoa, klipu hujainunua na wala huihitaji. Na bunduki yako inapiga kwa nguvu ileile ya mwaka jana, ila wewe umeacha kuitikisa.