"Mama, wewe kaa tu": kinachowaangusha wazee wetu nyumbani

Mzee akiletwa kwetu fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) baada ya kuvunjika, tunamuuliza: ilikuwaje? Mara nyingi anayejibu ni mtoto aliyemsindikiza. "Uzee tu, daktari. Miguu imeisha nguvu." (Hospitalini kila aliyevaa koti jeupe ni daktari, tumeshazoea.) Tukimgeukia mzee mwenyewe na kumpa nafasi, tunasikia mengine kabisa. Aliamka usiku kwenda haja, umeme ulikuwa umekatika, alipoinuka tu kitandani akaona giza, akashika pazia. Au alikuwa amebeba ndoo ya maji ya kuoga na ndala zimelika soli. Au ameanza vidonge vipya vya presha wiki iliyopita na tangu siku hiyo kichwa ni chepesi.

Kila moja ya sababu hizo ina dawa yake. Uzee peke yake hauna, na ndiyo maana jibu la "uzee tu" lina hatari: linafunga mjadala, na mzee anarudi nyumbani kuanguka tena palepale.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kutokana na kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanaokufa zaidi ni wenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Wengi hawafii pale walipoangukia. Nyonga inavunjika, mzee analala wiki kwa wiki, halafu vinakuja vidonda vya mgongoni, homa ya mapafu na damu kuganda miguuni. Kina mama wako hatarini zaidi kwa sababu baada ya hedhi kukoma mifupa hupoteza madini kwa kasi, kiasi kwamba kuteleza kwa kawaida sebuleni kunatosha kuvunja nyonga.

Sasa niseme jambo ambalo baadhi ya familia hazipendi kulisikia. Tunawaangusha wazee wetu kwa kuwapenda vibaya. Mama ametoka kijijini, alikokuwa analima, anafagia uwanja na kuchota maji. Tumemleta mjini, tumempa kiti kizuri mbele ya televisheni, na kila akiinuka tunamwambia, "Mama, wewe kaa tu, upumzike." Chakula kinamfuata alipo, na maji ya kunawa yanamfuata. Baada ya miezi kadhaa hawezi kuinuka bila kushikwa mkono, na sisi tunasema uzee umemwingia ghafla.

Misuli ya mapaja na makalio ndiyo inayomwinua mtu na kumzuia asidondoke akijikwaa. Isipotumika inayeyuka, na kwa mzee inayeyuka haraka sana. Watafiti waliwahi kuwalaza wazee wenye afya kitandani kwa siku 10 tu, na miguu yao ikapoteza karibu kilo moja ya nyama. Habari njema ni kwamba misuli hiyo inarudi hata kwa mtu wa miaka 80, ikipewa kazi.

Kuna kipimo unachoweza kufanya leo nyumbani. Tafuta kiti imara kisicho na mikono, kiegemeze ukutani. Mzee akae, akunje mikono kifuani, kisha asimame wima na kukaa tena, mara nyingi awezavyo ndani ya sekunde 30. Wewe simama karibu yake. Mwanamke wa miaka 70 hadi 74 anatakiwa afikishe angalau mara 10, mwanaume wa umri huo 12. Akishindwa hata mara moja bila kujisukuma kwa mikono, umeshajua pa kuanzia.

Na pa kuanzia ni hapohapo kwenye kiti. Kusimama na kukaa ndilo zoezi lenyewe. Kwanza ajisaidie kwa mikono, aongeze mara chache kadiri siku zinavyokwenda, mpaka mikono isihitajike. Kisha ashike meza nzito na kuinuka juu ya vidole vya miguu, atembee kiubavu kando ya ukuta, asimame kwa mguu mmoja huku vidole vya mkono vikigusa meza. Asimame pia na mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa kidole gumba. Akiweza hilo sekunde 10 bila kuyumba, mizani yake, yaani uwezo wa mwili kujisawazisha, si mbaya. Mfano unaojulikana ni programu ya Otago ya New Zealand: mazoezi ya nguvu na mizani, nusu saa mara tatu kwa wiki, mzee akiwa nyumbani kwake, na kuanguka kulipungua kwa takriban theluthi moja. Vifaa vyake ni vizito vidogo vya kufunga kifundoni, na mfuko wa mchanga ulioshonwa vizuri unafanya kazi ileile.

Lakini mazoezi si ya nusu saa tu. Mwache achambue mboga, akunje nguo, aende dukani kwa miguu yake. Wazee wanaoswali wakiinama, kusujudu na kuinuka mara kadhaa kwa siku wanafanya zoezi zuri la miguu, kwa hiyo usiharakishe kumwekea kiti anayeweza bado bila maumivu. Wa kuangaliwa ni wakati wa kutia udhu, maana pale sakafu ina maji na yeye kasimama kwa mguu mmoja akiosha mwingine. Pale ndipo kiti kinapohitajika.

Dawa ni sura nyingine, na haipewi uzito unaostahili. Vidonge vya presha, vya kukojoza, vya usingizi, vya maumivu ya neva kama amitriptyline, hata piriton ya mafua, vyote vinaweza kumlevya mzee au kumshusha presha anapoinuka. Mwenye kisukari aliyechoma insulini kisha akachelewa kula naye anaanguka. Anayetumia aina nne au zaidi yuko hatarini zaidi, na kwa mzee mwenye presha, kisukari na magoti, kufika nne si kazi. Siku ya kliniki mbebee dawa zote kwenye mfuko mmoja, zikiwemo za kununua duka la dawa na za mitishamba, mwage mezani. Omba apimwe presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama baada ya dakika moja na baada ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, daktari ana kazi ya kupanga upya. Usimwachishe dawa mwenyewe nyumbani, maana kiharusi nacho kinaangusha. Muulize tu daktari kama ile ya kukojoza inaweza kunywewa asubuhi badala ya jioni. Hilo peke yake linaweza kupunguza safari za usiku.

Safari ya usiku kwenda chooni ndiyo ninayoihofia kuliko zote. Mzee anakurupuka kwa haraka, macho hayajazoea giza, damu haijapanda kichwani. Mfundishe kukaa ukingoni mwa kitanda dakika moja, achezeshe vifundo vya miguu juu na chini, ndipo asimame. Kitanda kiwe na kimo cha kumwezesha kukanyaga chini akiwa amekaa. Taa ndogo ya sola au tochi ikae mahali ambapo mkono unafika bila kutafuta. Kama choo kiko nje, na masika yanageuza uwanja kuwa utelezi, ndoo yenye mfuniko kando ya kitanda si aibu. Wakatae au wakubali, zungumza nao kwa heshima, faragha, na mtu wa jinsia yao akiwezekana.

Chooni kwenyewe, mwite fundi wa kuchomelea atengeneze bomba la kushikilia, lifungwe kwenye ukuta imara kwa boliti. Mzee akiteleza anashika chochote, na bomba la kutundikia taulo halimbebi mtu. Kwa choo cha kuchuchumaa wengi wanatoboa kiti cha plastiki katikati. Wazo ni zuri, kiti chenyewe ndio tatizo: miguu yake inateleza kwenye sakafu yenye maji na plastiki iliyokatwa inapasuka. Seremala akichonga cha mbao chenye miguu mipana yenye mpira chini, utalala usingizi.

Mengine ni ya mchana mmoja. Ondoa mkeka uliojikunja pembe, soksi kwenye marumaru, waya wa feni unaokatiza njia, kanga iliyofungwa hadi kwenye kisigino. Macho yapimwe: utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2005 ulionyesha kuwa akina mama wazee waliotolewa mtoto wa jicho kwenye jicho la kwanza walianguka kwa theluthi moja pungufu ya waliokuwa bado wanasubiri. Na mkongojo upimwe kabla ya kukatwa. Mzee akisimama na mkono ukining'inia, kishikio kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, pale inapovaliwa saa. Ashike kwa mkono wa upande ulio kinyume na mguu unaouma, na chini pawe na mpira. Ukilika, ubadilishwe.

Akianguka pamoja na yote hayo, usimnyanyue kwa kumvuta mabega. Mwache apumue, muulize anaumwa wapi. Mguu ukionekana mfupi kuliko mwenzake na kugeukia nje, au akishindwa kuukanyaga, hiyo ni nyonga mpaka picha ithibitishe vinginevyo. Msimkande wala kumchua, na msimpeleke kwanza kwa fundi wa mifupa wa jadi. Nyonga inayofanyiwa upasuaji ndani ya siku mbili ina matumaini zaidi kuliko iliyosubiri wiki. Kama hana dalili za kuvunjika, alale ubavu, apige magoti, asogee hadi kwenye kiti kizito na kukishika, atangulize mguu wenye nguvu, ndipo ajiinue.

Akiwa amegonga kichwa, hasa kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, apelekwe hospitali siku hiyohiyo hata kama anaongea na kucheka. Damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu, na dalili zikatokea wiki kadhaa baadaye: kichwa kinachozidi kuuma, usingizi usio wa kawaida, kusahau majina ya wajukuu, mguu mmoja kuburuta. Ukiona hivyo mrudishe, na kule mapokezi uwaambie kuwa alianguka, hata kama imepita miezi miwili.