Kupitisha tarakimu si kufowadi simu

Katika mitambo ya simu za ofisini zinazopita kwenye mtandao wa kompyuta, amri inayoitwa forward-digits huamua jambo moja tu: kati ya tarakimu alizobonyeza mpigaji, ni zipi ruta, yaani kifaa kinachoelekeza simu, itazikabidhi kwa laini ya nje. Maana yake inaishia hapo. Ninaieleza kwa sababu nimechoka kuisikia hapa Tanga ikitajwa kana kwamba ni kuhamishia simu kwa mtu mwingine, na mara ya mwisho aliyeitaja hivyo alikuwa kijana aliyekwisha kukabidhiwa funguo za chumba cha mitambo.

“Mzee, fowadi zote nimeshazifuta,” aliniambia, “lakini simu za Dar bado zinapotea.”

Simlaumu sana, kwa kuwa neno lenyewe lina njia nyingi. Fowadi tunayemfahamu zaidi mjini kwetu ni yule anayesubiriwa afunge bao Coastal Union inapocheza Mkwakwani. Kisha kuna kufowadi ujumbe, na kuna kufowadi simu, ambako wengine hukuita kudaivati: mtu hubonyeza **21*, akafuatisha namba ya mwenzake, akamalizia kwa #, na tangu hapo anayempigia hupokelewa na huyo mwenzake. Katika kufowadi simu kinachobadilika ni mpokeaji. Katika amri ya ruta mpokeaji ni yule yule. Kinachopimwa ni sehemu gani ya namba iliyobonyezwa itakayosomwa na kituo cha simu. Kwa hiyo mimi husema “kupitisha tarakimu”, kama mlinzi wa geti anavyowapitisha watu kadhaa na kuwazuia wengine.

Na nikisema tarakimu sina maana ya namba. Namba tumeipata kwa Waingereza, ilhali tarakimu imetoka katika Kiarabu, kwenye shina lile lile la raqm, ambalo asili yake ni kutia alama au kuandika. Tarakimu, basi, ni zile alama kumi, kuanzia 0 hadi 9, na namba ni kile kinachoandikwa kwa alama hizo. Anayekaa Barabara ya 12 pale Ngamiani anakaa kwenye namba moja iliyoandikwa kwa tarakimu mbili. Tofauti hii ingeweza kuachiwa walimu wa lugha kama si sifuri. Katika hesabu, 022 na 22 ni kitu kimoja, na sifuri ya mbele haina thamani yoyote. Katika simu, sifuri hiyo hiyo ndiyo inayokuambia kwamba zinazofuata ni tarakimu za eneo. Ruta haijui kiasi wala thamani. Inasoma alama moja baada ya nyingine, kutoka kushoto, kama mtoto anayeanza kusoma.

Kijana wetu alikuwa ameandika kwenye ruta ya kampuni ya Cisco kielelezo, yaani umbo la namba ambalo ruta hulilinganisha na kilichobonyezwa, cha 9022 kikifuatiwa na nukta saba, ambapo 9 ni ya kutokea nje, 022 ni eneo la Dar es Salaam, na kila nukta inasimama badala ya tarakimu yoyote. Kielelezo kilikuwa sahihi kabisa. Lakini ruta hizo, simu inapotoka nje kupitia laini ya kawaida, hukata zenyewe tarakimu zilizotajwa waziwazi katika kielelezo na kupitisha zilizoangukia kwenye nukta tu. (Simu inapoendelea kwa njia ya mtandao hazikatwi, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika, maana kwenye majaribio ya ndani kila kitu kilikwenda vizuri.) Kituo cha simu kikapokea tarakimu saba zisizo na 022, kikazichukua kuwa namba ya eneo letu la 027, ambalo tunalo pamoja na Arusha, Kilimanjaro na Manyara. Mhudumu wa mapokezi alikuwa akiomba ofisi ya Dar na kupokelewa na watu wasiomjua.

Tulizihesabu pamoja, yeye akigusa kioo kwa ncha ya bisibisi, nukta moja moja. Saba, na tatu za 022, zikawa kumi. Tukaandika forward-digits 10, ambayo huhesabu kutoka kulia, na 9 ikabaki nje. Angeweka all, yaani zote, hata hiyo 9 ingepita, na simu isingefika vilevile.

Baadaye nikakuta ameandika katika daftari la kazi “fowadi imerekebishwa”. Nikamwomba alifute neno hilo. Akalikata kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: “namba zinazopitishwa: 10”.

“Namba ni moja, mwanangu,” nikamwambia. “Tarakimu ndizo kumi.”