Unga wa metali na cheche za fataki: yanayosemwa na yaliyo kweli

Zikikaribia sikukuu, wapo vijana wanaoulizana namna ya kujitengenezea fataki za kushika mkononi kwa unga uliofagiwa chini ya mashine ya fundi wa vyuma. Majibu wanayopeana yana makosa ya hatari, na mengi yanatokana na kuamini kwamba ukishajua jina la metali umeshajua itakavyoungua. Sivyo. Ukubwa na umbo la chembe hubadilisha mambo kuliko jina lenyewe.

Dhana: Chuma hakiungui, huyeyuka tu.

Nondo huwezi kuiwasha kwa kiberiti, kwa sababu joto husambaa haraka ndani yake na hewa huigusa kwa nje tu. Stilwaya ya kusugulia masufuria nayo ni chuma, lakini nyuzi zake ni nyembamba, kwa hiyo hushika moto mara moja. Ukiipima kabla na baada ya kuungua utakuta imeongezeka uzito, maana imechukua oksijeni ya hewani. Siri iko kwenye eneo la nje. Mchemraba wa chuma wenye upande wa sentimita 1 una eneo la sentimita 6 za mraba. Ukate uwe vijichemraba vya milimita 0.1, na chuma kilekile kitakuwa na eneo la sentimita 600 za mraba.

Dhana: Unga ukiwa laini zaidi, cheche zinakuwa nzuri zaidi.

Chembe laini mno huisha palepale ndani ya mwali. Utaona mwanga mkali, lakini hakuna kinachoruka. Ili cheche ionekane, chembe inapaswa kutoka kwenye mwali ikiwa bado ina metali ya kuunguza njiani. Iliyo kubwa kupita kiasi nayo haipati joto la kutosha, hivyo hudondoka ikiwa moto tu. Viwanda hutenganisha unga kwa chekecheo kadhaa kwa sababu hiyo. Taka za karakana zina saizi zote kwa pamoja, na huwezi kujua mchanganyiko wake utaungua kwa kasi gani.

Dhana: Umbo la chembe si kitu, muhimu ni uzito.

Chembe ya duara ina eneo dogo kuliko umbo lolote jingine la ujazo huohuo, kwa hiyo huchelewa kushika. Chembe iliyokwanguliwa kwa tupa ina kingo kali na nyembamba, na kingo hizo ndizo zinazotangulia kuwaka, kama vinyweleo vya kuni iliyopasuliwa. Bapa ni hatari kuliko zote. Unga wa aluminiamu wa kutengenezea rangi ya fedha ni vipande vyembamba mno, na huungua kwa kasi kubwa kuliko vitufe vya aluminiamu vyenye uzito uleule. Anayebadilisha kimoja kwa kingine kwa kuwa vyote vimeandikwa "aluminiamu" amebadilisha kitu tofauti kabisa.

Kwa upande wa chuma kuna jambo jingine zuri kulitazama. Mwangalie fundi akigusisha tupa kuukuu kwenye jiwe la grenda: cheche zinapasuka na kutoa vijitawi vingi. Akigusisha chuma laini, zinakwenda kama mistari mirefu yenye vijitawi vichache. Tofauti hiyo huletwa na kaboni, iliyo nyingi zaidi kwenye tupa, ambayo hugeuka gesi ndani ya tone lililoyeyuka na kulipasua. Mafundi hutumia njia hii kutambua aina ya chuma.

Dhana: Aluminiamu haitoi cheche kwenye grenda, kwa hiyo vumbi lake ni salama.

Hili ndilo linalonitia hofu zaidi. Ni kweli aluminiamu haitoi cheche pale, lakini vumbi lake likipeperuka hewani na kukutana na cheche ya chuma, hulipuka. Ndiyo maana haishauriwi kusaga chuma na aluminiamu kwenye mashine moja. Agosti 2014, huko Kunshan nchini China, vumbi lililotokana na kung'arisha rimu za magari za aluminiamu lililipuka kiwandani na kuua watu zaidi ya 90. Uchunguzi ulieleza kwamba vumbi lililoingiwa na unyevu kwenye mtambo wa kulikusanya lilijipasha joto hadi likawaka. Sasa fikiria kopo la vumbi la aina hiyo likiwa uvunguni mwa kitanda.

Dhana: Cheche za fataki haziunguzi.

Cheche moja ndogo ina joto kali lakini uzito wake ni kidogo mno, kwa hiyo hupoa haraka. Chembe yenye kipenyo maradufu ina uzito mara 8, na hubeba joto zaidi kwa kiasi hichohicho. Chembe nene iliyochanganyika kwenye unga wa kuokota inaweza kutoboa nguo au kuingia jichoni. Waya wa fataki nao hubaki wa moto baada ya mwali kuzimika, na watoto huukanyaga pekupeku. Fataki ya dukani iliyokwisha itumbukizwe kwenye ndoo ya maji.

Dhana: Unga wa metali ukiwaka, mwagia maji.

Aluminiamu au magnesi inayowaka hunyang'anya maji oksijeni yake na kuacha haidrojeni, gesi inayowaka. Isitoshe, maji yakimwagwa kwa nguvu hurusha unga hewani. Unga unaowaka hufunikwa taratibu kwa mchanga mkavu kabisa, na watu husogea mbali.