Seva iliyo kimya si lazima iwe nzima

Katika ofisi nyingi mtu wa TEHAMA hukumbukwa siku mbili: siku mfumo umelala na siku anayoomba bajeti. Siku nyingine zote seva zinanguruma taratibu chumbani mwake, hakuna anayelalamika, na watu huamini mambo ni shwari. Waliosema kimya kingi kina mshindo mkuu hawakuwahi kuona seva, lakini wangetufaa sana kazini. Dhana potofu karibu zote ninazokutana nazo katika kazi hii zinatokana na kuusoma ukimya huo vibaya.

Dhana: "Bakapu tunazo, zinajiendesha zenyewe kila usiku."

Bakapu ni nakala za data zinazowekwa akiba. Dhana hii ndiyo mama yao, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Usiku wa 31 Januari 2017, mhandisi mmoja wa GitLab, kampuni inayowatunzia watengenezaji programu kazi zao, alikuwa anahangaika na hifadhidata ya akiba iliyoachwa nyuma na ile kuu. Akaamua kufuta saraka, yaani folda, ya data ya ile ya akiba ili aijaze upya. Amri akaitoa kwenye seva kuu. Alishtuka na kuikatiza baada ya sekunde moja au mbili, lakini GB 300 hivi zilikwishafutika.

Kukosea dirisha ni jambo la kawaida. Aliyewahi kufungua madirisha manne ya seva saa tano usiku anajua. Cha kusikitisha ni kilichofuata. Walipokwenda kwenye hifadhi ya Amazon S3 kuchukua nakala za kila siku, hawakukuta kitu. Programu ya kunakili, pg_dump, ilikuwa ya toleo la 9.2 la PostgreSQL, programu inayoendesha hifadhidata yao, wakati hifadhidata ilikuwa ya 9.6, na matoleo hayo hayakupatana. Kila ilipoitwa, iligoma. Ilikuwa ikituma barua pepe kueleza imegoma, ila seva ya barua ilizikataa kwa sababu hazikuwa na saini inayotakiwa. Kazi ilishindwa, na kengele ya kazi nayo ikashindwa, huku kila mtu akidhani mambo yanakwenda.

Kilichowaokoa ni nakala ya diski iliyochukuliwa kwa mkono saa kama 6 kabla ya ajali, kwa shughuli nyingine kabisa. Yaliyoingizwa katika saa hizo 6 yalipotea: miradi kama 5,000, maoni kama 5,000 na akaunti mpya zipatazo 700. GitLab walistahili sifa kwa jambo moja, walieleza hadharani kila hatua, ndiyo maana leo tunajifunza kwao.

Ukweli ni kwamba usichowahi kukirejesha hukijui kama ni bakapu. Kazi yenyewe si ngumu. Mara moja kwa mwezi chukua nakala ya jana, irejeshe kwenye mashine nyingine, fungua programu, kisha mwite mhasibu aangalie ripoti anayoijua kwa kichwa. Pima muda uliotumika. Siku bosi akikuuliza "mfumo utarudi lini?", utakuwa na jibu lisilo la kubahatisha.

Na wanaosema "diski zetu ziko mbili, zinaakisiana": ukifuta kwenye moja, kimefutika kwenye zote mbili papo hapo. Wala nakala isikae jengo moja na chanzo chake. Machi 10, 2021, kituo cha data cha OVH, kampuni ya kukodisha seva, huko Strasbourg, Ufaransa, kiliteketea kwa moto, na wapo wateja waliopoteza data na nakala zake kwa pamoja kwa sababu zilikuwa jirani.

Dhana: "Seva hii haijazimwa miaka mitatu, ni imara."

Nimesikia ikisemwa kwa majivuno, nami zamani nilijivuna hivyo hivyo. Seva isiyowahi kuwashwa upya ina viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba mianya ya programu, ambavyo havijaanza kufanya kazi, na ina huduma ambayo mtu aliianzisha kwa mkono akasahau kuiambia ijiwashe yenyewe. Yote hayo utayajua umeme ukikatika, mwisho wa mwezi, mishahara ikisubiri. Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme wote kwa vipindi, kwa kuwa kihesabio ndani ya programu ya vidhibiti vya jenereta kilikuwa kinajaa baada ya siku 248 za kuwaka mfululizo, na vidhibiti vyote vingeweza kuzima kwa wakati mmoja. Panga siku, waarifu watu, washa upya moja baada ya nyingine wakati wenye kujua mfumo wako macho.

Dhana: "Masasisho ndiyo yanayoharibu. Kinachofanya kazi usikiguse."

Woga huu una msingi. Julai 19, 2024 faili moja mbovu ya CrowdStrike, kampuni ya programu za ulinzi wa kompyuta, iliangusha kompyuta za Windows milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, na hata waliokuwa wamechagua kubaki toleo moja nyuma waliipokea. Lakini angalia upande wa pili. Kiraka cha Apache Struts, programu ya kujengea tovuti, kilitoka Machi 2017. Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza taarifa za mikopo ya watu, haikukiweka kwenye mfumo wake mmoja, wadukuzi wakaingia Mei, na taarifa za watu takriban milioni 147 zikaguswa. Kifaa cha kukagua mawasiliano yanayotoka hakikuona kitu, kwa kuwa cheti chake cha kidijitali, yaani kitambulisho cha mashine kwenye mtandao, kilikuwa kimeisha muda miezi mingi nyuma. Ukimya ule ule.

Sasisha, ila anza na mashine chache ambazo zikianguka hakuna atakayelia, ngoja siku moja mbili, kisha endelea na nyingine. Na kabla ya kuanza ujue utarudije nyuma.

Dhana: "Cheti cha tovuti tulishanunua."

Cheti kina tarehe ya mwisho kama leseni ya udereva. Desemba 6, 2018 cheti kilichoisha muda ndani ya programu ya Ericsson, watengenezaji wa mitambo ya simu, kiliwakosesha intaneti mamilioni ya wateja wa kampuni ya simu ya O2 nchini Uingereza, na mtandao wa simu wa SoftBank ya Japani ukayumba siku hiyo hiyo. Februari 3, 2020 Microsoft Teams, programu ya mikutano na ujumbe wa ofisini, ililala kwa sababu hiyo hiyo. Tena muda unazidi kufupishwa: ukomo wa siku 398 unashuka hadi 200 kuanzia 15 Machi 2026, 100 mwaka 2027, na 47 mwaka 2029. Kwa kasi hiyo kalenda ya mtu mmoja haitoshi, hasa akiwa ameshahama kazi. Upyaishaji ujiendeshe, na kitu kingine tofauti kiwe kinakagua tarehe kutoka nje.

Dhana: "Tumehamia kwenye wingu, hayo si yetu tena."

Mwenye wingu, yaani kampuni inayokukodisha seva zake kupitia intaneti, anatunza jengo, umeme na vyuma. Ukifuta jedwali lako, atafuta kwa uaminifu kabisa. Na njia ya kufika huko si yake: Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ikazorota Afrika Mashariki, Tanzania ikiumia zaidi. Seva za ughaibuni zilikuwa nzima, ila kuzifikia ndiyo ilikuwa shida.

Dhana: "UPS ipo, taa ya kijani inawaka."

UPS ni kifaa chenye betri kinachoshikilia seva umeme ukikatika, na ofisi moja ya pwani niliyofanyia kazi ilikuwa nacho. Umeme ulipokatika ilidumu sekunde chache, ikalia, ikazima. Betri zilikuwa zimechemka miaka kadhaa ndani ya chumba ambacho kiyoyozi huzimwa kila Ijumaa jioni kubana matumizi. Betri za asidi hupoteza karibu nusu ya umri kwa kila nyuzi 10 za joto juu ya zile zilizokusudiwa. Tangu siku hiyo kila robo mwaka nachomoa plagi ya ukutani mwenyewe na kuhesabu dakika.

Na kazi zangu za usiku nimezigeuza. Zamani zilituma ujumbe zikishindwa. Sasa zinatuma zikifaulu. Ikifika saa 1 asubuhi na ujumbe wa bakapu haujaingia, simu yangu inalia.