Kumi na sita mkononi, kumi mezani

Juzi jioni nipo barazani Barabara ya 12, Ngamiani, nasubiri kahawa ipoe, kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa akicheza blackjack, mchezo wa karata wa kasino, akanisogezea simu yake. "Mjomba, nina kumi na sita. Nilambe?" Yaani, aongeze karata? Mzee aliyekuwa pembeni akaguna, "Kamari hiyo," akahamisha kiti. Mimi nikamuuliza kijana: mgawaji ana nini? Hakuwa ameangalia.

Nimegawa karata miaka sita kwenye kasino moja Dar es Salaam kabla sijarudi nyumbani Tanga, na kosa hilo nililiona kila usiku. Mtu anaitolea macho karata yake tu. Blackjack si karata za barazani: hamna turufu, hamna mwenza wa kukukonyezea. Ni wewe na mgawaji anayeichezea kasino. Namba zina thamani yake, ghulamu, malkia na mfalme ni 10 kila mmoja, ree ni 1 au 11 kama itakavyokufaa. Kazi yako ni kumpita mgawaji bila kuvuka 21. Ukivuka umeungua, na hela inaondoka hapohapo, hata kama naye ataungua baada yako. Faida ya kasino inatoka hapo hasa: wewe ndiye unayetangulia kucheza.

Lakini mgawaji naye amefungwa mikono. Lazima alambe mpaka afike 17, apende asipende. Ndiyo maana karata yake iliyo wazi ina maneno mengi kuliko zako. Akionyesha 6, huungua karibu mara 42 katika kila 100. Basi wewe mwenye 12 au 14 unahangaika nini? Bonyeza Stand, yaani simama bila kuongeza karata, mwache ajikaange mwenyewe. Akionyesha 7 kwenda juu, lamba mpaka ufike 17. Ukiwa na 11, mara nyingi ongeza dau maradufu. Nane mbili zitenganishe ziwe mikono miwili, kumi mbili usiziguse. Mambo haya hayakutoka kichwani kwangu. Wamarekani wanne, Baldwin na wenzake, waliyapigia hesabu na kuyachapisha mwaka 1956.

Sasa ile 16 ya kijana. Mgawaji alikuwa na 10. Hapo ni pabaya kuliko kote, na watu hugombana bure. Kwa dau la 1,000, ukilamba unapoteza wastani wa shilingi 540 hivi. Ukisimama, 540 na ushee. Tofauti haifiki hata shilingi moja! Nikamwambia lamba, ila usinilaumu.

Jambo ambalo ningependa aliulize halikuwa hilo. Ni malipo ya blackjack yenyewe, yaani ree na karata ya kumi kwa zile mbili za mwanzo. Meza nzuri hulipa 3:2, dau la 1,000 linakupa 1,500. Meza nyingine zinalipa 6:5, unapata 1,200. Blackjack huja takriban mara moja katika mikono 21, kwa hiyo zile 300 zilizokatwa ni kama shilingi 14 kila mkono, ucheze vizuri usicheze. Mimi mwenyewe, na ujuzi wangu wote, nilishakaa karibu saa nzima kwenye tovuti moja kabla sijaiona 6:5 imeandikwa kwa herufi za sisimizi. Nilijionea aibu.

Bima nayo iache. Mgawaji akionyesha ree, utaulizwa kama unataka kujikinga kwa dau la kando kwamba karata yake iliyofichwa ni ya kumi, malipo mara mbili. Katika aina 13 za karata, 4 tu ndizo za thamani ya kumi. Weka 1,000 mara 13: utapata 8,000, utapoteza 9,000. Bima gani hiyo?

Na simu ina mbio. Meza ya kawaida tuligawa mikono kama 60 kwa saa. Kwenye simu mtu mwenye kidole chepesi anafika 300. Meza nzuri, ukicheza bila kosa, inakula kama nusu asilimia ya kila dau. Kwa dau la 1,000, mezani ni shilingi 300 kwa saa, simuni 1,500. Kuhesabu karata zilizotoka hakukusaidii, kwa sababu programu inachanganya upya kila mkono.

Kabla ya kuweka hela, tazama kama tovuti ina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania. Na kama hujatimiza miaka 18, rudisha simu ya kaka yako.

Kijana alilamba, ikaja 5. Ishirini na moja! Mgawaji akafunua 20. Akaniagizia kahawa ya pili na kashata, akaniita profesa. Mkono uliofuata alikuwa na 12, mgawaji 6. Nikafungua mdomo, lakini kidole kilishabonyeza, na mfalme wa kopa akatokea kwenye kioo.