Taimingi ya injini za kale: yanayosemwa na yaliyo kweli

Injini ya gari la kale, lenye kabureta na distribyuta (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi), haina kompyuta ya kuipangia wakati wa cheche. Kazi hiyo hufanywa na vizito, springi, kiwambo cha mpira na mkono wa fundi, na kwa kuwa mkono unahusika, maneno nayo hayakosi. Mengi kati ya hayo yanatokana na kosa moja: kudhani kwamba taimingi, yaani wakati wa cheche, ni namba moja iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, ilhali ni mwenendo mzima unaobadilika kadiri injini inavyozunguka na kadiri inavyobeba mzigo.

"Cheche hutoka pistoni ikiwa juu kabisa"

Mchanganyiko wa petroli na hewa haulipuki kwa mkupuo mmoja. Huungua, na moto huchukua muda kutoka kwenye plagi hadi pembezoni mwa silinda. Cheche ikisubiri pistoni ifike juu, shinikizo hufikia kilele wakati pistoni imekwisha kushuka mbali, na sehemu ya nguvu hutoka na moshi kupitia ekzosi bila kufanya kazi. Kwa sababu hiyo cheche huwahishwa, ili shinikizo kubwa kabisa liikute pistoni ikiwa imeanza tu kushuka, yaani kama digrii 15 za mzunguko wa krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) baada ya kupita juu kabisa.

"Ukishalinganisha alama kwenye sailensa, kazi imekwisha"

Hii ndiyo dhana iliyoharibu injini nyingi, kwa hiyo inastahili hesabu kidogo. Alama hizo ziko kwenye puli ya krenki. Kwenye sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta, ikizunguka mara 800 kwa dakika, krenki hugeuka chini kidogo ya digrii 5 katika milisekunde 1. Ikifika mara 3000 kwa dakika, hugeuka digrii 18 katika muda uleule. Moto ndani ya silinda huongeza mwendo kiasi injini inapokwenda kasi, lakini hauongezi kiasi cha kulingana na krenki, na kwa hiyo cheche hulazimika kuwahi zaidi. Ndani ya distribyuta vimo vizito viwili vinavyovutwa na springi. Kasi ikipanda vizito hufunguka na kuusogeza mbele mhimili wenye kamu inayofungua pointi, yaani swichi ndogo ambayo ikifunguka cheche hutoka. Injini iliyowekwa digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu kabisa, ikiwa kwenye sailensa, ikiongezewa digrii 22 na vizito hivyo, hufika digrii 32 kwenye mwendo wa kasi.

Sasa vizito vikishikwa na kutu, injini hubaki na zile digrii 10 na kuwa nzito barabarani, ingawa alama kwenye sailensa inakaa sawasawa. Springi zikilegea, vizito hufunguka mapema mno na injini hugonga. Fundi aliyeishia kwenye sailensa hawezi kuyaona haya mawili, wakati ambapo taa ya taimingi, inayomweka kwa kila cheche, ikielekezwa kwenye puli huku kasi ikipandishwa taratibu ingeonyesha alama ikihama au ikikwama.

"Bomba la vakyumu lifungwe tu, halina maana"

Nimeona magari mengi ambayo bomba hili, linalopeleka mvuto wa hewa (vakyumu) kutoka kwenye injini hadi kiwambo cha distribyuta, limezibwa kwa skrubu, na sababu inayotolewa ni kwamba injini za mashindano hazina. Injini ya mashindano hukanyagwa hadi mwisho karibu muda wote, jambo lisilotokea kwa gari linalosafiri kwa mwendo wa kawaida. Mafuta yakikanyagwa kidogo, silinda hupata hewa na petroli kidogo, na mchanganyiko huo huungua polepole. Hapo kiwambo cha vakyumu huongeza uwahi wa cheche juu ya ule wa vizito. Ukikanyaga zaidi vakyumu hushuka na nyongeza hiyo huondoka yenyewe. Kuliziba bomba hakuongezi nguvu, bali huongeza ulaji wa petroli na joto la injini safarini. Kwa injini nyingi bomba hili huchomolewa na kuzibwa wakati wa kupima tu, kisha hurudishwa, isipokuwa kitabu cha gari kiagize vingine. Kukijaribu kiwambo ni rahisi: nyonya bomba kwa mdomo, na bamba la pointi lijongee na kubaki hapo mpaka uachie.

"Ukiwahisha zaidi, nguvu huzidi, ukichelewesha, uko salama"

Nguvu huongezeka hadi kikomo fulani tu. Ukikivuka, shinikizo huipiga pistoni ingali inapanda, na mchanganyiko uliobaki pembezoni, ambao moto haujaufikia, hujiwasha wenyewe kwa joto na mgandamizo. Huko ndiko kugonga, na mlio wake hufanana na kokoto kwenye kopo. Ubaya ni kwamba kwenye kasi kubwa kelele za injini huuficha mlio huo, na pistoni inaweza kutoboka bila dereva kusikia chochote. Kuchelewesha nako hakuna usalama unaodhaniwa: moto huendelea kuungua valvu ya ekzosi ikifunguka, valvu hiyo huungua, maji huchemka, na gari hudai petroli zaidi kwa nguvu ndogo.

"Petroli ya okteni kubwa ina nguvu zaidi"

Okteni hupima jinsi petroli inavyostahimili kugonga, haipimi nguvu iliyomo. Madini ya risasi yaliyogunduliwa mwaka 1921 kuwa dawa ya kugonga yalitumika kwa sababu hiyohiyo, na mauzo yake kwa magari ya kawaida yalikoma duniani mwaka 2021, Algeria ikiwa ya mwisho. Injini iliyotengenezwa kwa petroli ya okteni kubwa kuliko iliyopo sasa huenda ikahitaji kucheleweshwa digrii chache. Isiyogonga haipati faida yoyote kwa okteni ya ziada.

"Pengo la pointi litarekebishwa baadaye"

Mpangilio huu umepinduliwa. Cheche hutoka pale pointi zinapofunguka, kwa hiyo pengo likibadilika taimingi nayo hubadilika: likiwa dogo pointi huchelewa kufunguka, likiwa kubwa huwahi. Kisigino cha pointi, kinachosuguana na kamu, kinaposagika pengo hupungua, na ndiyo maana gari huchelewa cheche kidogo kidogo bila mtu kuligusa. Pengo hupimwa kwanza, taimingi hufuata.

Hata alama ya puli isiaminiwe bila kuhakikiwa. Kwenye puli zenye pete ya nje iliyogandishwa kwa mpira, mpira ukichakaa pete huteleza pamoja na alama yake, na taa ya taimingi itaonyesha uongo kwa usahihi mkubwa. Nafasi ya pistoni hupimwa kwa kizuizi kinachofungwa kwenye tundu la plagi, betri ikiwa imechomolewa na krenki ikizungushwa kwa mkono pande zote mbili. Katikati ya alama mbili zinazopatikana pistoni inapogota kizuizi kila upande ndipo pistoni ilipo juu kabisa.

Ukiigeuza distribyuta, kumbuka kwamba huzunguka nusu ya kasi ya krenki, hivyo digrii 1 kwayo ni digrii 2 kwenye puli. Kuigeuza kinyume cha mzunguko wa rota, kipande kinachozunguka ndani yake, huwahisha cheche. Baada ya kukaza nati, pima tena, kwa sababu mara nyingi kukaza kwenyewe huisogeza.