Gobi mwenye meno kama mjusi, mita 130 chini

Nikisema natafiti samaki wa chini sana watu wanawaza dude lina taa kichwani, kumbe wangu wengi wanaenea kiganjani na nafasi inabaki.

Leo namleta mmoja tu, Varicus lacerta, gobi (jamii ya samaki wadogo wa kukaa chini) wa kisiwa cha Curaçao kule Karibi. Amepewa jina la kisayansi 2016, yaani juzi juzi tu, na walimkuta kati ya mita 129 na 143. Lacerta kwa Kilatini ni mjusi, na ukimtazama usoni unaelewa, maana kichwa ni kikubwa kuliko mwili wenyewe unavyostahili halafu mdomoni safu kwa safu za meno yamepinda kwa ndani, ndo maana wakambatiza gobi wa Godzilla, yule dude mkubwa kama mjusi wa kwenye sinema. Mwili chungwa na njano, macho kijani.

Sasa samaki anang'aa hivyo, alijificha wapi siku zote? Hakujificha, ni sisi tulikuwa tunampita. Mzamiaji wa kawaida anaishia kama mita 40, zaidi ya hapo ni mchanganyiko maalum wa gesi na masaa ya kupanda taratibu, nyavu za kukokota nazo zinachanika kwenye mwamba, na zile nyambizi kubwa za utafiti zikishuka zinawahi huko maelfu ya mita. Katikati pakabaki hapana mwenyewe. Timu ya Smithsonian, taasisi ya makumbusho na utafiti ya Marekani, wao wakatumia nyambizi ndogo inaitwa Curasub, ina mikono ya mashine, mmoja unampulizia samaki dawa ya kulewesha, mwingine una bomba linamfyonza. Kumfyonza kitu kidogo hivyo bila kumponda, jamani, hapo rubani anastahili soda.

Na rangi isikudanganye, kina kile mwanga mwekundu ulishamezwa na maji zamani, hilo chungwa unaliona sababu ya taa za nyambizi.

Mimi kilichonimaliza ni mapezi ya tumboni. Gobi wengi yameungana yakawa kama kikombe cha kung'ang'ania jiwe, huyu yameachana, na ncha zimetawanyika kama unyoya, unaweza kukaa kwenye hadubini mpaka chai ipoe. Ila rangi ipigwe picha mapema, akishakaa kwenye alkoholi anapauka, ukimkuta chupani utadhani dagaa.